Mke Mwenzangu na Pumzi Zangu

Mwanamke hakoromi. Ndivyo nilivyolelewa kuamini. Mwanamume akikoroma ameshiba. Mwanamke akikoroma ameuaibisha ukoo. Basi nitangulize aibu yangu hapa mwanzoni tumalizane nayo: mimi nakoroma, na nilikuwa nakoroma mpaka mbuzi waliozoea kulala nyuma ya chumba changu wakahamia upande wa jikoni. Muuguzi wa kliniki ya kifua ameniomba niandike yaliyonipata, awasomee wanaokuja na hofu kama niliyokuja nayo. Mambo ya kitaalamu atawaeleza mwenyewe. Mimi ni mkaanga samaki wa soko la Otonglo, nitasema ninayoyajua.

Mume wangu alipofariki aliacha wajane wawili katika boma moja. Mimi ni mikayi, yaani mke wa kwanza. Wa pili tunamwita Nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni, kwa sababu huku kwetu mke huitwa kwa alikotoka na jina hilo humganda mpaka kaburini. Alikuja nikiwa na miaka kumi na mmoja ndani ya ndoa. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, mikono imekomaa kwa kazi ya miwa. Nyumba yake inatazamana na yangu, lakini kwa miaka mingi sikuwahi kukanyaga ndani, na yeye kwangu aliishia mlangoni. Tulisalimiana kwa sababu ya majirani.

Ugonjwa ulinianza mwaka wa pili wa ujane. Nilikuwa nashtuka usingizini, naketi kitandani, mkono kifuani, navuta hewa na hewa haiji. Halafu inakuja yote kwa mpigo mmoja, na moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Nikilala tena, inarudia. Asubuhi naamka kinywa kimekauka, kichwa kinauma, nimechoka kuliko nilivyolala.

Nitawaambia kosa langu la kwanza, na wanaotoka kwetu hawatanicheka. Katika zile ndoto za kukabwa nilimwona mama mkwe wangu, marehemu Auma, amenikalia kifuani na leso yake ya kijani. Sasa, huku kwetu marehemu akikujia usingizini namna hiyo, kwa kawaida anataka mtoto aitwe jina lake. Na kwa bahati mke wa mwanangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki hiyohiyo. Tukakaa kikao, wazee wakakubali, mtoto aliyekuwa akilia akatajiwa jina la Auma na kweli akanyamaza. Watu wakapiga vigelegele. Tukachinja jogoo.

Mtoto akapata jina, mimi sikupata usingizi. Baada ya siku nne mama mkwe alirudi kifuani na leso yake, na nikaanza kujiuliza anataka nini tena, maana sikuwa na mjukuu mwingine wa kumpa.

Mwili ukaanza kubadilika. Shingo ilinenepa, kola za blauzi zikakataa kufunga. Miguu ilivimba jioni. Nilisinzia kanisani, nilisinzia nikisuka nywele za jirani, nilisinzia katikati ya sentensi yangu mwenyewe. Mteja ananiuliza bei ya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta tunayokaanga baada ya minofu kutolewa, nami namjibu habari za mazishi ya mtu ambaye hajafa. Walicheka, nami nikacheka nao. Zahanati moja iliniambia ni pumu, nikapewa dawa ya kuvuta. Nikaivuta kwa bidii na hakuna kilichobadilika ila mikono kutetemeka.

Mwezi wa tatu mvua ndefu ilianza kwa upepo mbaya. Uling'oa mabati ya nyumba ya Nyar Muhoroni na kuyatupa kwenye shamba la mihogo, na mvua ikaingia ikabomoa ukuta wa nyuma wa chumba chake cha kulala. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, amelowa, godoro kichwani. Mke mwenza kulala nyumba ya mwenzake si jambo la kawaida kwetu, lakini mvua haijui desturi. Nikamwambia aweke godoro sebuleni, na kwamba ni mpaka ukuta utakaporudi.

Mabati yalirudishwa kabla ya Pasaka. Ukuta ndio uliobaki, na fundi, alivyosema mke mwenzangu, alikuwa mtu wa kesho kesho.

Asubuhi ya tatu tangu ahamie kwangu nilimkuta ameketi kwenye godoro, macho mekundu, ananiangalia.

"Mikayi," akasema, "wewe unakufa usiku."

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia. Unakoroma, unakoroma, halafu unanyamaza. Hakuna kitu inaingia, hakuna kitu inatoka. Mimi nakaa hapa nangoja. Halafu unashtuka na hiyo kelele."

Nilikasirika, na hasira yenyewe nitaieleza bila kuipaka sukari. Nilimwambia kwamba nilimpa mahali pa kulala, sikumpa kazi ya kunichunguza. Nilimwambia kama kelele zangu zinamkera, alale nje na mbuzi. Alikunja blanketi, akaenda kuchota maji, na mtungi wa kwanza akanijazia mimi.

Sikumsikiliza mpaka mwezi wa sita. Siku hiyo, saa tano asubuhi, jua kali, nilikuwa nimeinama mbele ya karai la mafuta yanayochemka. Nakumbuka nilimgeuza samaki mmoja wa ngege. Kinachofuata ninachokumbuka ni mayowe. Nilikuwa nimesinzia nikiwa nimesimama, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafuta mpaka kwenye kifundo. Mama wa mboga aliyekuwa jirani yangu ndiye aliyenivuta nyuma kwa gauni. Angechelewa kidogo, uso ungefuata mkono.

Binti yangu Akinyi alikuja mbio kutoka Nyamasaria anakoishi na mumewe. Alilia, akafoka, akalia tena.

"Mama, hii biashara imeisha. Unakuja kukaa na mimi."

"Nikalale nyumba moja na mkwe?"

"Mume wangu Baba Rose amekubali."

"Yeye amekubali. Mimi je?"

Kwetu mama hapangi kitanda chini ya paa la mkwewe. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo ina faida pande zote mbili. Na mkwe mwenyewe, mtu mpole anayeinamisha macho kila tunapokutana, nimlalie chumba cha pili nikikoroma kama tingatinga? Heri kufa. Lakini Akinyi hakutania. Alisema ama ninapona, ama nahama. Sitaki kuficha kilichonitisha. Kifo chenyewe nilikiogopa, ila nilichoogopa zaidi ni kufungiwa mlango wa nyumba yangu na karai langu kupinduliwa juu ya jiwe, halafu nikae kwenye kochi la watu nikisubiri kuulizwa kama nimekula. Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa mwaka.

Nyar Muhoroni alikuwa kwenye kizingiti, anamenya mihogo. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nitampeleka hospitali kubwa. Na mimi ndio nitaongea, kwa sababu yeye huwa amelala."

Akinyi alicheka katikati ya machozi. Mimi sikucheka, lakini nilikwenda.

Wanaongojea kliniki ya kifua wanajua benchi zile. Unafika saa kumi na mbili unakuta watu walioonekana kama wamezaliwa pale. Kila mmoja anakohoa kwa namna yake. Nilikuwa nimefunga mkono bandeji na niliapa sitasinzia. Nilisinzia. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye kiganja cha Nyar Muhoroni, ameushika uso wangu usianguke, na mbele yangu vijana wawili walikuwa wanaiga mkoromo wangu.

"Mnacheka nini?" alikuwa anawauliza. "Huyu ni mgonjwa, si televisheni. Mama yenu akilala hivi mtacheka?"

Wakatulia. Mwanamke mmoja kutoka Seme, simjui hata leo, akasimama akatupa nafasi yake karibu na mlango, akasema yeye kikohozi chake kimezoea kungoja. Mungu ambariki popote alipo.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinipima presha, akanipima shingo kwa utepe wa fundi cherehani, akanitazama kooni. Kisha akauliza kama kuna mtu anayenisikia nikilala. Mke mwenzangu akavuta kiti.

"Mimi, daktari. Nimesikia tangu mwezi wa tatu."

"Ananyamaza kwa muda gani kabla ya kushtuka?"

"Saa sina. Mimi nahesabu na Salamu Maria. Akinyamaza, naanza. Mara nyingine nafika Amina ndio anashtuka. Mara nyingine namaliza moja, naingia ya pili."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani daktari atacheka, na kama angecheka nadhani ningeinuka nimtetee yule mwanamke, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Daktari hakucheka. Alivua saa yake ya mkononi akaiweka mezani.

"Sali vile ulikuwa unasali usiku," akasema. "Usiharakishe."

Nyar Muhoroni akafumba macho, akasali. Alisali polepole, kwa sauti ya mtu anayemsikilizia mtu mwingine. Daktari alikuwa akitazama saa, nami nilikuwa naitazama midomo ya mke mwenzangu. Ilikuwa sala ndefu. Sikujua kwamba ni ndefu hivyo, na mimi huisali kila siku. Nilijaribu kubana pumzi mpaka aimalize nikashindwa. Alipofika Amina daktari aliandika kitu, akauliza, "Na kwa usiku mmoja ni mara ngapi?"

"Kila akinyamaza navuta tembe moja ya rozari. Inaisha yote, naanza tena. Naendelea mpaka nasinzia, sijui zingine."

"Kwa nini hukuchukua simu urekodi?"

"Daktari, mtu akikata pumzi mbele yako, utatafuta simu? Mimi niliogopa kukaa bure."

Nilitoka chumba kile nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimemwambia mtu huyu akalale na mbuzi, na yeye usiku huohuo aliniombea tembe baada ya tembe. Niliona aibu, na nilimpenda, na vyote viwili vilikuja siku moja nikashindwa kuvitenganisha. Kwenye barabara ya kurudi nilimnunulia chapati mbili. Ndiyo yote niliyojua kufanya. Alikula moja, nyingine akaifunga kwenye gazeti, akaniambia nitaitaka jioni.

Tulipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, mrija mdogo puani, na kibanio cha kidole chenye taa nyekundu. Nyar Muhoroni alikesha akilinda kile kibanio kisitoke, kana kwamba ni kifaranga. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Daktari alisema koo langu linajifunga nikilala, pumzi inakatika, mwili unaamka kujiokoa, na hivyo usiku kucha. Si pumu. Si marehemu. Alisema iko mashine inayosukuma hewa ili koo lisijifunge, na mpaka ipatikane nisilale chali, nisikaribie mafuta ya moto, na awepo mtu wa kuniamsha.

"Nani atakuwa naye?" Akinyi akauliza.

"Mimi niko," Nyar Muhoroni akasema. "Hata hivyo ukuta haujakauka."

Alichukua gunzi la mahindi, akalishonea mgongoni mwa gauni langu la kulalia. Nikigeuka chali, gunzi linanichoma, narudi ubavu. Nilimtukana kwa lile gunzi kila asubuhi ya mwezi wa saba. Lakini lilisaidia, na mgonjwa asiyekuwa na mashine anaweza kuanza nalo leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa.

Kilichonitesa zaidi ni karai. Nilikatazwa moto, na yeye ndiye aliyesimama mahali pangu. Nilikaa kwenye stuli nyuma yake nikimtazama akigeuza samaki wangu na kuwachekea wateja wangu, na moyoni nilisema maneno mabaya. Nilisema alianza na mume, sasa amefika kwenye karai. Siku moja dereva wa lori la miwa aliyekuwa mteja wangu wa miaka alimwambia, "Mama, samaki yako ni tamu kuliko ya yule mwingine."

Nikakaza masikio. Nilikuwa nimejiandaa kuumia.

"Yule mwingine ndiye amenichanganyia viungo," akasema. "Mimi nageuza tu. Huyo hapo nyuma ndio mwenye kazi. Msalimie."

Yule dereva akaja akanisalimia kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nilipenda kukaa kwenye ile stuli.

Mashine ilipatikana mwezi wa kumi, mvua fupi ikianza, baada ya Akinyi kupiga simu huku na huku mpaka sikio likamuuma. Ilikuwa imetumiwa na mtu mwingine kabla yangu. Sijui kama alipona au alifariki. Nilimwombea kwa hali zote mbili. Wiki ya kwanza niliichukia. Inakufunika pua kwa barakoa, ina mpira mrefu kama mkonga wa ndovu, inapuliza mpaka unajisikia tairi. Niliivua baada ya saa moja, nikaivua baada ya saa mbili, nikailalamikia kwa muuguzi, naye akanipa barakoa ndogo zaidi na akanifundisha kuivaa mchana kwanza, nikichambua mchele, ili uso uzoee. Fanyeni hivyo. Na stima ya kuiendesha ikipotea, rudini kwenye gunzi.

Kisha siku moja niliamka na dirisha lina jua. Sikuwa nimeamka hata kwenda haja. Kichwa hakikuuma. Nilisikia ndege, nikasikia wanawake wakipita kwenda sokoni, na nikajua nimelala kama nilivyokuwa nalala nikiwa msichana. Nililia kwa furaha ndani ya ile barakoa, jambo ambalo siwashauri, kwa sababu inajaa maji.

Nyar Muhoroni alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa chumba changu, amejifunga blanketi, amepauka kwa kukesha.

"Ulinitisha," akasema. "Hukunyamaza, hukukoroma. Nikafikiri sasa ndio imekuwa. Nimekuja kukushika mguu mara ngapi sijui."

"Ulikuwa wa moto?"

"Wa moto. Sasa mimi nikalale."

Daktari aliniruhusu kurudi kwenye karai baada ya wiki sita, na Akinyi alinyanyua mikono, habari ya kuhama ikaisha. Kwa wewe unayesomewa haya, unayeamka ukitafuta hewa na kuona haya kusema: usianze na jina la mtoto, na usikubali kuambiwa ni uchovu. Tafuta mtu akusikilize ukilala, hata kama ni mtu ambaye hujampenda. Anayelala hajijui. Wengi wamenipongeza kwa ujasiri, lakini mimi nilikuwa nimelala muda wote. Ujasiri ulikuwa umeketi sebuleni.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili alisema sasa anarudi kwake. Nilisema nitamsaidia godoro. Tulilibeba, yeye mbele mimi nyuma, tukavuka ua, na nikaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Chumba cha kulala kilikuwa tayari kimepangwa. Ukuta ulikuwa umesimama, umepigwa lipu, umepakwa rangi ya maziwa. Neti ya mbu ilikuwa imefungwa juu ya kitanda na vumbi limeikalia. Ukutani palikuwa na kalenda ya parokia, imefunuliwa mwezi wa tano.

Niliweka upande wangu wa godoro chini.

"Hii ukuta ilikauka lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na mimi nakuuliza kila siku, unaniambia fundi."

"Ningekwambia imekauka, ungenifukuza."

Ni kweli. Ningemfukuza siku hiyohiyo, na leo Akinyi ndiye angekuwa anawaeleza habari zangu.